Kubadilisha Mchanga Bila Kuzima Mtambo

Nimekuwa kimya karibu miezi mitatu, na wapo walioniandikia barua pepe wakiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na kazi iliyotaka subira kuliko kasi, na sikutaka kuiandika kabla ya kuuona mwisho wake. Sasa nimeuona. Kwa hivyo leo tuweke kando hifadhidata na seva, tuzungumzie mchanga.

Naam, mchanga. Nilikuwa nabadilisha mchanga wa chini katika tangi la samaki la maji ya chumvi ambalo limekaa miaka 11 bila kuvunjwa. Kama wewe ni mwanaprogramu, usiondoke. Umewahi kupewa mfumo wa zamani ambao bado unatumika kila siku, aliyeujenga hayupo, na wewe unatakiwa kubadilisha kilicho chini yake huku watu wakiendelea kuutumia? Basi ni kazi ile ile. Tofauti ni kwamba hapa kosa halileti ujumbe mwekundu kwenye skrini. Linaleta samaki anayeelea tumbo juu.

Tangi la nani

Tangi ni la mjomba wangu. Liko nyumbani kwetu Kombani, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Likoni inagawanyika, moja ikienda Ukunda hadi Lunga Lunga na nyingine ikipanda Kwale. Mjomba alikuwa mpiga mbizi. Kwa miaka mingi alizama kati ya Diani na Shimoni akiwatoa samaki wa mapambo kwa wavu mdogo, mmoja mmoja, ili wauzwe nchi za nje. Biashara hiyo Kenya inayo kwa miongo kadhaa sasa, na pwani ya kusini ni mojawapo ya sehemu samaki hao wanakotolewa. Alipochoka kuzama alijitengenezea tangi lake mwenyewe: urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50. Piga hesabu, ni lita 200.

Miaka miwili iliyopita presha ya macho ilimnyang'anya sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Akahamia kwa binti yake Msambweni, na tangi likabaki mikononi mwangu. Kila jioni saa moja simu inalia. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na neno linalofuata ni lile lile kila siku: "Mjomba, wamekula?" (Huku kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, usichanganyikiwe.)

Anaowaulizia ni wawili. Ni wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, yule kiumbe laini wa baharini mwenye mikono mingi inayowasha. Mwili wao ni wa kahawia iliyokolea, mapezi ya rangi ya chungwa, na milia miwili myeupe. Kwa jina la kitaalamu ni Amphiprion allardi, na makao yao ni pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume. Jike akifa, dume hugeuka jike. Nilipolisoma jambo hilo mtandaoni nikamkimbilia Mjomba kumpa habari mpya, kumbe alikuwa ameliona kwa macho yake baharini kabla mimi sijazaliwa.

Samaki wa jamii hii wamewahi kuishi zaidi ya miaka 20 wakitunzwa vizuri. Hawa wana miaka 11 ndani ya kioo. Kwa mtu ambaye hawezi tena kuzama wala kuiona bahari vizuri, hao wawili ndio kipande cha bahari alichobaki nacho. Sasa unaelewa kwa nini nilienda polepole.

Kwa nini niliugusa

Mtu anaweza kuuliza: kama kinafanya kazi, kwa nini ukiguse? Ni swali zuri, na kwenye kazi yetu ya programu mara nyingi ndilo jibu pia. Lakini tangi lilikuwa limeanza kusema lenyewe.

Sakafu yake ilikuwa ya vipande vya matumbawe yaliyosagwa, vikubwa kama punje za mahindi, kina cha sentimita 6. Vipande vikubwa hivyo vina nafasi kati yao. Mabaki ya chakula na uchafu wa samaki hupenya humo na kukaa. Nitreti, ambayo ndiyo mwisho wa uchafu huo, ilifika miligramu 80 kwa lita. Juu ya miamba ya baharini nitreti huwa karibu na sufuri. Samaki wanaweza kuvumilia kiasi hicho, lakini anemoni ilikuwa inasinyaa wiki hadi wiki, na mwani wa kijani ulikuwa unafunika mawe. Kupitia kioo cha upande nikaona pia madoa meusi ndani ya sakafu. Nitaeleza maana yake.

Nilipomwambia Mjomba kwamba nataka kuitoa sakafu yote na kuweka mchanga laini, alinyamaza. Kisha akasema: "Nyumba haivunjwi mwenyewe akiwa ndani."

Sikubishana naye, maana kwa jambo kubwa alikuwa na haki. Tuone ni kwa nini.

Mchanga si pambo

Mtu akitazama tangi huona samaki, mawe na maji. Mchanga hudhani umewekwa ili kupendeze. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika mahali ambapo macho hayafiki.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake anapopumua. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni nafuu zaidi. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanajishika kwenye kitu: juu ya mawe, ndani ya kichujio, na juu ya kila punje ya mchanga. Chini zaidi, mahali ambapo hewa ya oksijeni imekwisha, wapo wa aina nyingine wanaochukua nitreti na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa hewani, nayo hupanda juu na kwenda zake.

Na mahali ambapo uchafu umezidi na hewa haifiki kabisa, hapo hutengenezwa gesi yenye salfa, ile inayonuka kama mayai viza. Hiyo ndiyo inayopaka mchanga rangi nyeusi. Ikitulia chini haina neno. Ukiikoroga na kuimwaga majini, inaweza kuua samaki kwa muda mfupi sana.

Ongeza jambo moja la maji ya chumvi. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja pole, na kinachoamua ipo ngapi ya kila sura ni hasa pH ya maji. Kila pH inapopanda kwa 1, ile kali huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, ilhali tangi la maji baridi linaweza kuwa 7. Kwa hivyo kiasi kile kile cha amonia kinachomsumbua samaki wa mtoni kidogo tu kinaweza kummaliza wa baharini.

Sasa chukua mtu aliyeamka Jumamosi akaamua kuchota sakafu yote na kumwaga mpya. Amewafukuza wafanyakazi wa usafi wa mji mzima kwa siku moja, amefukua shimo la taka, na wakazi bado wanakula na kuchafua kama jana. Maji yataonekana safi. Siku ya pili au ya tatu ndiyo ataanza kuokota maiti.

Sisi wa programu tunalijua jaribu hili kwa jina jingine: "Tuandike upya kila kitu." Netscape walitoa toleo la 4 la kivinjari chao mwaka 1997, kisha wakaamua kuandika upya. Toleo la 5 halikutoka kamwe. La 6 lilitoka Novemba 2000, na wakati huo Microsoft walikuwa wameshachukua soko. Mwaka 2004 Martin Fowler, mwandishi mashuhuri wa mambo ya programu, alipendekeza njia nyingine kwa mfano wa mtini unaoota juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi pole pole hadi ukasimama wenyewe na mti wa kwanza ukatoweka ndani yake. Yeye aliiona mitini hiyo Australia, lakini misitu ya pwani yetu inayo pia. Mfumo mpya unaukua ule wa zamani kidogo kidogo, na hakuna siku ambayo kazi inasimama.

Nikamrudia Mjomba na kumwambia hivi: sitavunja nyumba. Nitabadilisha chumba kimoja kimoja, na wenyewe watahamia upande mwingine. Akafikiri, akakubali, lakini akaweka sharti. "Jike akikataa kula, simama. Usiniambie habari za mashine. Jike akikataa kula, simama."

Kununua mchanga ukiwa Kombani

Hapa ndipo majirani walipocheka. Bahari iko karibu, ufuo wa Tiwi ni mweupe, na mimi naagiza mchanga kwa muuzaji wa Nairobi! Sababu ninazo.

Kwanza, mchanga wa ufuo si mali ya kuchotwa kwa magunia. Unalizuia bahari lisile nchi, na kasa hutaga mayai humo. Diani hadi Chale ni hifadhi ya bahari tangu 1995. Matumbawe magumu nayo yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hivyo si vitu vya kuokota na kupeleka nyumbani.

Pili, si kila mchanga mweupe ni sawa. Ninaoutaka ni wa chokaa, uliotokana na matumbawe, konokono na mwani mgumu. Sehemu yake kubwa baharini hutengenezwa na pono. Ndiyo, yule yule wa "usingizi wa pono". Akiamka hutafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu, na kinachotoka nyuma ni mchanga. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mchanga wa namna hiyo husaidia kidogo kuizuia pH isishuke.

Kuna majaribio mawili mepesi unayoweza kufanya nyumbani, na haya naomba uyakumbuke hata kama huna tangi.

Jaribio la siki. Weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye glasi, mwagia siki nyeupe. Ukichemka vipovu, una chokaa. Ukinyamaza, ni mchanga wa mawe magumu.

Jaribio la sumaku. Vunja diski kuu iliyokufa ya tarakilishi, utapata ndani yake sumaku zenye nguvu ajabu. Ifunge sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu. Ukitoka na punje nyeusi, uache.

Nilijaribu aina tatu. Mchanga wa kujengea niliochota kwenye rundo la jirani haukutoa kipovu hata kimoja, na sumaku ilitoka na ndevu nyeusi. Si ajabu, hii ni Kwale. Ardhi yetu ina madini mazito ya titani, ndiyo maana kampuni ya Base Titanium ilichimba hapa kaunti yetu kuanzia 2013 hadi Desemba 2024. Madini hayo ni mali sokoni, lakini ndani ya tangi ni balaa: pampu za samaki huzungushwa na sumaku, na punje hizo huenda kujikusanya papo hapo na kulikwangua rota. Gao moja la mchanga wa Tiwi lilichemka vizuri, kisha likabaki na punje zinazong'aa ambazo siki haikuziweza. Ulikuwa mchanganyiko. Gao hilo liliishia kwenye glasi ya siki. La pili sikulichota. Ule wa dukani ulichemka hadi kijiko kikawa karibu kitupu.

Kiasi? Nilitaka kina cha sentimita 4. Sentimita 100 mara 40 mara 4 ni lita 16. Lita moja ya mchanga huu ni kama kilo 1.5, kwa hivyo kilo 24. Nilinunua mfuko wa kilo 25.

Mpango

Niliandika mpango kama ninavyoandika wa kuhamisha hifadhidata.

1. Sakafu igawanywe vipande vitano, kila kimoja sentimita 20. Kipande kimoja kila siku ya kumi.
2. Kila kinachotolewa kihifadhiwe hai siku tatu kwenye ndoo yenye maji ya bahari na pampu ya hewa. Hiyo ndiyo njia ya kurudi nyuma.
3. Amonia na nitriti zipimwe asubuhi na jioni kwa dawa za matone. Amonia ikionekana hata kidogo, kazi isimame.
4. Jike akikataa kula, kazi isimame.

Namba 4 niliiweka mwisho kwa kuwa niliiona ni ya heshima kwa mzee zaidi ya kuwa kipimo.

Upande wa umeme, nilifunga kidhibiti cha ESP32 chenye kipima joto cha kuzamisha majini na boya la kuonyesha maji yakipungua. Kinatuma namba kila dakika tano kwenye laptopu ya zamani iliyo seva yangu, na programu fupi ya Python inanitumia ujumbe joto likivuka nyuzi 29. Huku kwetu hatuhitaji kipasha joto. Tunahitaji feni ya kupepea juu ya maji, hasa Februari na Machi wakati wa kaskazi. Kipima amonia cha kielektroniki cha kuaminika ni ghali, kwa hivyo hizo namba niliziingiza kwa mkono.

Stima nayo niliifikiria. Agosti 25, 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima usiku, na sehemu nyingine ulirudi kesho yake jioni. Usiku ule pampu ndogo ya betri ndiyo iliyowaokoa hawa wawili. Kwa hivyo sikuanza kazi kabla ya kuwa na betri mbili zilizojaa.

Maji mapya niliyachota Tiwi wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, mbali na mdomo wa mto na siku ambazo mvua haijanyesha, maana mvua hushusha chumvi na kuleta uchafu wa bara. Mitungi minne ya lita 20, tuktuk hadi nyumbani, nikayachuja kwa kitambaa kizito na kuyaweka gizani siku kadhaa yakipigwa hewa. Chumvi ilikuwa 35 kwa elfu, sawa na ya tangi.

Kazi yenyewe

Kipande kimoja huchukua kama dakika arobaini. Kwanza zima kila kinachotumia umeme ndani ya maji. Kisha hakikisha mawe yamekaa juu ya kioo cha chini na si juu ya sakafu unayoitoa, la sivyo yataanguka na kupasua tangi. Ya Mjomba yalikuwa yamekaa juu ya vipande vya bomba la PVC. Alikuwa amefikiria mapema.

Sakafu ya zamani sikuichota kwa kikombe. Niliivuta kwa mpira mnene wa maji, upana wa inchi moja, hadi kwenye ndoo chini. Mpira unameza vipande pamoja na uchafu wake kabla haujasambaa, na ndio siri ya kutofukua yale madoa meusi. Ujaze mpira maji ukiuzamisha, usiuvute kwa mdomo. Ndoo moja ya lita 20 ikijaa, umemaliza kwa leo, hata kama pamebaki kidogo.

Mchanga mpya nilikuwa nimeuosha kwa maji ya mvua mpaka yakatoka meupe. Niliumwaga polepole kupitia bomba la PVC ambalo mdomo wake unagusa kioo cha chini, ili usitimue vumbi. Juu yake nikaweka mfuko wa soksi wenye kikombe kimoja cha sakafu ya zamani, ile ya juu iliyo safi, ili bakteria wahamie. Kisha lita 20 za maji mapya, na kuwasha mitambo.

Kipande cha kwanza, siku ya 0: hakuna kilichobadilika. Cha pili, siku ya 10: amonia sufuri, nitriti sufuri. Jioni simu inalia, "Wamekula?", nami najibu wamekula. Cha tatu, siku ya 20, kilikuwa cha katikati, chini ya mawe na anemoni, ambapo uchafu wa miaka ulikuwa mwingi kuliko kote. Kilitoka vizuri.

Siku ya 21 jioni niliweka kamba waliosagwa. Dume akaja. Jike akabaki ndani ya anemoni, akitazama.

Nilipima amonia. Sufuri. Nitriti, sufuri. Joto nyuzi 27. Grafu zote zilikuwa zimelala kama bahari ya maji mafu. Simu ikalia. Nikamwambia Mjomba ukweli: dume amekula, jike hakula, vipimo vyote ni vizuri.

"Basi simama," akasema. "Na chakula usiwape kesho."

Nilifanya zaidi kidogo. Vipande vya zamani vya siku ya 20 vilikuwa bado hai kwenye ndoo. Nikavisuuza kwa maji ya bahari, nikajaza mfuko wa wavu, nikauning'iniza mbele ya pampu, mahali maji yanapopita kwa nguvu. Wafanyakazi walioachishwa kazi wakarudishwa kwa muda. Nikabadilisha pia lita 30 za maji usiku ule ule.

Asubuhi ya siku ya 22 tone la dawa lilionyesha rangi ya kijani hafifu: amonia 0.25. Kipimo kilichelewa karibu saa kumi na mbili nyuma ya samaki. Kama ningengojea namba 3 ya mpango wangu, ule mfuko ungeingia majini nusu siku baadaye, na amonia ingekuwa imeshapanda zaidi.

Siku ya 23 jioni nikawapa chakula kidogo, na jike akatoka na kula. Siku ya 24 amonia ikarudi sufuri. Maelezo ni mepesi: asilimia 60 ya sakafu ya zamani ilikuwa imeondoka, na waliobaki walizidiwa hadi wakaongezeka tena. Nikangoja hadi siku ya 40 kufanya kipande cha nne, na siku ya 52 cha mwisho. Hakuna kilichoyumba tena.

Kwa ufupi, namba zilikuwa hivi:

Siku ya 0: amonia 0, nitreti 80
Siku ya 20: amonia 0, nitreti 80
Siku ya 22: amonia 0.25, nitreti 40
Siku ya 24: amonia 0, nitreti 40
Siku ya 52: amonia 0, nitreti 40
Siku ya 80: amonia 0, nitreti 20

Anemoni imefunguka, si kama ya baharini, lakini imefunguka. Samaki waliokufa: hakuna.

Nimejifunza nini

Jambo la kuhama kidogo kidogo na kuweka njia ya kurudi nyuma, hilo wengi wetu tunalijua hata kama hatulifuati. Kilichonigusa mimi ni kile kipimo cha nne.

Mjomba hana kemia. Hajui pH ni nini. Lakini ametazama samaki hawa wakila zaidi ya mara elfu nne, na tofauti ya mara moja anaijua hata kwa simu. Vipimo vyangu vinapima kitu kimoja kila kimoja. Samaki anapima maji yote kwa mwili wake mzima, na hana subira ya kungojea rangi ibadilike.

Kwenye programu wapo watu wa namna hiyo. Mwaka jana nilihamisha mfumo wa chama kimoja cha akiba, na karani wa pale mbele ndiye aliyeniambia kwamba "leo risiti zinachelewa kuliko kawaida yake". Hakuna grafu iliyokuwa imesema hivyo bado. Tunawaita watumiaji, tunawapa fomu ya malalamiko, kisha tunaamini seva kuliko wao. Siku hizi nikipewa mfumo wa zamani, kabla ya kufungua msimbo natafuta kwanza mtu aliyeutazama kwa miaka, na namuuliza: ukiona nini utajua mambo yameharibika? Jibu lake naliweka namba 1 ya mpango.

Wiki iliyopita binti yake alimleta Mjomba Kombani. Alivua saa, akakunja mkono wa kanzu, akauzamisha mkono hadi chini, akaupikicha mchanga kati ya vidole. Jike akatoka mbio kumdona kwenye kidole gumba, kama anavyomfanyia kila aingizaye mkono humo.

"Huyu ni mzima," akasema Mjomba. Kisha akaniambia niweke tarehe ya leo mahali, ili mchanga huu nao usiguswe kwa miaka mingine 11.

Nimeiweka. Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.